Mbwa Katika Kiti cha Dokta Tarsis

Oktavia alikuwa daktari wa mifugo mjini Njombe. Tangu amzike mumewe Hilario alifanya kazi zake zote bila kukosea, na watu wakamsifu kwamba amejikaza. Yeye mwenyewe hakuona kama anajikaza. Kujikaza kunahitaji nguvu, na yeye hakuwa akitumia nguvu yoyote. Aliamka, akanywa chai, akavaa koti juu ya sweta, akaenda kliniki, akachanja, akashona, akarudi nyumbani. Mtu akimpa pole alijibu, "Nimeshapoa," kama inavyojibiwa, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kliniki waliianzisha wote wawili. Hilario ndiye aliyekuwa wa mashambani: ng'ombe wa maziwa, nguruwe, punda wa Makete, simu za alfajiri. Oktavia alikaa ndani na wanyama wadogo, hasa mbwa. Njombe ina mbwa wengi wa kazi, wanaolinda mashamba ya miti na ya chai, na mbwa wa ulinzi huharibika meno kuliko mtu anavyofikiri. Wanatafuna mawe, wanang'ata waya, chonge inavunjika, usaha unaingia kwenye mzizi, na mwenye mbwa haoni kitu mpaka uso uvimbe. Kwa muda mrefu mtu na mkewe walikuwa wamekubaliana kwamba bila eksirei ya meno wanabahatisha tu. Hawakukubaliana ni mashine ipi. Hilario alitaka ya kushika mkononi, ya kutembea nayo. Oktavia alitaka ya kufungwa ukutani. Walibishana mezani, kwenye gari, hata kanisani kabla ya misa kuanza. Kisha Hilario akaugua na ubishi ukakoma.

Sasa kununua kulikuwa juu yake peke yake, na hakujali. Lakini kampuni moja ya ulinzi ilikuwa inataka mbwa wake wote wakaguliwe meno, na Dainess, msaidizi wake wa pale kliniki, alishasema mara kadhaa kwamba hawawezi kuendelea kuahirisha. Kwa hiyo muuzaji akaitwa kutoka Mbeya.

Aliitwa Anthony. Alifika na sanduku gumu jeusi, akalifungua juu ya meza ya upasuaji, na ndani mlikuwa na kitu kama drili ya fundi, chenye mdomo mpana.

"Unaishika hivi," alisema. "Haitaki ukuta, haitaki umeme muda wote. Ukiichaji asubuhi unaenda nayo Iwawa, kule Makete, unapiga picha huko huko, unarudi."

"Na anayeishika?" Dainess aliuliza. "Mionzi haimrudii?"

"Kuna ngao hapa mbele, unaiona hii? Ukiishika inavyotakiwa, uko salama."

"Na aliye pembeni? Mbwa akiwa kwenye nusukaputi lazima mtu awe karibu aangalie anavyopumua."

"Huyo arudi nyuma kidogo. Au avae aproni yenye madini ya risasi."

"Kidogo ni wapi?"

Anthony akamtazama Oktavia kama anayeomba msaada. Oktavia alikuwa ameshika ile mashine. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na baridi. Maneno ya wale wawili aliyasikia yote, lakini yalimfikia kama redio ya nyumba ya jirani.

"Mume wangu angeichukua hii," alisema.

"Basi nikuwekee, Dokta?"

"Nimesema yeye angeichukua."

Anthony alifunga sanduku lake kwa adabu, akasema atakuwa mjini mpaka mwisho wa wiki, akaondoka. Dainess akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu. Alikuwa Mkinga wa Makete, mtu wa kusema moja kwa moja, lakini siku hiyo alianza kwa kuzungukazunguka.

"Kuna nyingine," alisema mwishowe. "Ya ukutani. Haijatumika sana. Mwenyewe anafunga kazi, anauza vitu vyote."

"Iko wapi?"

"Makambako." Akaacha kufuta. "Kwa Dokta Tarsis."

Oktavia alilijua hilo jina. Dokta Tarsis ndiye aliyemng'oa Hilario jino. Gego la chini, lilikuwa likitikisika na kuuma, na Hilario alipita kung'olewa akiwa njiani kwenda kazini. Tundu halikufunga. Walilisafisha, wakalisubiri, wakampa vidonge, na walipofika hospitali ya rufaa wakaambiwa halikuwa tatizo la jino tangu mwanzo. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imekula taya.

Dainess alisubiri kukaripiwa.

"Twende tukaione," Oktavia alisema.

Walikwenda kwa pikapu ya kliniki. Ukungu ulikuwa umelala juu ya misonobari na malori ya viazi yalikuwa yamewasha taa mchana. Oktavia aliendesha. Dainess aliongea mwanzoni kuhusu mvua na bei ya mbolea, halafu akaegemeza kichwa kwenye kioo.

Kabla ya kwenda kwa Tarsis walichepuka Mahongole kwa mteja mmoja, mama aliyeitwa Idda, mkulima wa mahindi. Mbwa wake Bosi alikuwa na uvimbe chini ya jicho la kulia. Ulikuwa ukipasuka, unatoa usaha, unakauka, watu wanashukuru, halafu unavimba tena.

"Kamwene, mama daktari," Idda alisema, na akaushika mkono wa Oktavia kwa mikono yake yote miwili. "Pole sana na msiba. Baba Hilario alinizalishia ng'ombe hapa kwenye matope usiku kucha. Sikuweza kuja kuzika, nilikuwa nimelazwa."

"Ahsante, mama. Nimeshapoa."

Idda aliuachia mkono polepole. "Huyu Bosi nifanyeje? Kijana wangu anasema tumwondoe tu. Hali chakula, analia, akiguswa anataka kung'ata. Lakini nyumba yangu iko peke yake huku. Bila yeye silali."

Oktavia alichuchumaa. Bosi alikuwa mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia, na alimtazama kwa jicho moja, lile jingine likiwa limezibwa na uvimbe. Sindano zote alizompa huko nyuma zilikuwa za kutuliza tu. Alishuku gego kubwa la juu, lile lenye mizizi mitatu, ambalo kwa mbwa liko chini ya jicho kabisa. Lakini kushuku siyo kuona. Jino lenyewe kwa nje lilikuwa zima.

"Nampeleka Makambako sasa hivi," alisema. "Kwa daktari wa meno."

Idda alifikiri ametaniwa. "Wa watu?"

"Wa watu. Nataka kuona mashine yake ikifanya kazi. Siwezi kuchagua kwa kusimuliwa."

Walimpa Bosi sindano ya kumlegeza, wakamfunga mdomo kwa bandeji, wakamlaza nyuma ya pikapu juu ya magunia. Dainess alitaka kusaidia kumbeba. Halafu akamwita kijana wa jirani abebe badala yake. Oktavia aliliona hilo, lakini hakulifikiria.

Dokta Tarsis alikuwa na vyumba viwili kando ya barabara kuu, mahali ambapo malori ya Mbeya na ya Songea yanapishana kiasi cha madirisha kutetemeka. Kibao cha nje kilikuwa kimeshang'olewa. Ndani mlikuwa na maboksi, kiti cha wagonjwa kilichochakaa pa kuegemeza mikono, na kwenye ukuta, mkono mrefu wa chuma wenye viungo, na mwishoni mwake kichwa cheupe cha mashine.

Tarsis mwenyewe alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani minene. Alipomwona Oktavia alisimama, akakosa pa kuweka mikono yake.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, mwanangu. Pole." Akarudia, "Pole sana."

"Nimeshapoa. Tumekuja kuangalia mashine."

Akawaonyesha. Aliieleza kwa upole, bila kuisifia. Macho yake yamechoka, alisema, na daktari wa meno asiyeona vizuri ni hatari kwa watu. Anarudi kwao Ludewa, ukanda wa ziwani, kwa binti yake Lidia. Kiti kinakwenda kwenye vyuma chakavu. Hii mashine tu ndiyo iliyomuuma kuitupa.

"Wagonjwa wako wamekwisha?" Oktavia aliuliza.

"Wa mwisho aliondoka juzi."

"Nina mbwa kwenye gari."

Tarsis alimtazama ili ajue kama ni mzaha. Kisha akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mlete," alisema. "Kiti hakitakataa."

Wakakilaza kiti mpaka kikawa kama meza, wakatandika nailoni, na Bosi akalazwa hapo kwa ubavu, kichwa chake kizito pale ambapo watu wa Makambako walikuwa wakiegemeza visogo vyao kwa miaka mingi. Oktavia akamchoma nusukaputi, akaingiza mpira wa kupumulia, akamwekea kishikizo cha kumweka mdomo wazi. Kile kibao cha picha kinachoingia mdomoni kilikuwa cha saizi ya binadamu. Kwenye taya la Bosi kilionekana kama stempu kwenye mkate. Tarsis akakiweka, akavuta mkono wa mashine, akalenga, na wote wakatoka nje ya mlango na swichi ya mashine, yenye waya mrefu.

Picha ya kwanza ilikuwa ukungu mtupu. Oktavia alirudi ndani akasimama mbele ya mashine bila kuigusa, akaona ni nini. Mkono ulikuwa ukizama. Ukiuacha juu, unashuka pole pole, kiasi cha unene wa kidole, wala huoni mpaka uukazie macho.

"Kumbe mtu unamwambia atulie, unapiga haraka kabla haujashuka?" alisema.

"Ndiyo nilivyokuwa nafanya," Tarsis alijibu. "Ni springi hii. Inakazwa." Akaleta spana, akapanda juu ya stuli, na Oktavia akamshikia miguu asianguke.

Walilenga tena. Walipotoka, Oktavia alitafuta alipo Dainess na hakumwona mlangoni. Alikuwa amevuka barabara. Alisimama ng'ambo kabisa, kwenye kibanda cha wakala wa simu, akiwa amejikumbatia tumbo kwa mikono miwili, akitazama huku.

Oktavia akabonyeza. Mashine ikalia mlio mfupi.

Safari hii picha ilikuja safi kwenye skrini ya kompyuta. Jino jeupe, zima, lisilo na doa. Chini yake mizizi, na kuzunguka ncha za mizizi miwili, weusi wa mviringo ambapo mfupa haukuwepo tena.

"Limekula mfupa," Tarsis alisema.

"Limekula," Oktavia alisema.

Walisimama wakiutazama weusi ule. Bosi alipumua. Lori likapita nje na skrini ikatikisika. Oktavia aliweka kiganja chake kwenye kifua cha mbwa ili kuhesabu mapigo, na akiwa hivyo, bila kugeuka, ndipo alipouliza.

"Mume wangu ulimpiga picha?"

Tarsis hakujifanya hajaelewa. "Hapana."

"Mashine ilikuwa mbovu?"

"Ilikuwa nzima. Nilimwambia, kaa hapo Daktari, nikupige picha, hili jino linatikisika bila kuoza, silipendi. Akacheka. Akasema yeye mwenyewe anang'oa meno ya punda bila picha. Kuna ng'ombe amekwama na ndama tumboni, wanamsubiri. Akasema ng'oa, mzee, ganzi isije ikaisha."

"Na wewe?"

"Niling'oa."

Oktavia alisubiri hasira ije. Alikuwa ameiandalia nafasi tangu Njombe. Alidhani akisimama kwenye chumba hiki itakuja yenyewe na atapiga kelele, au atavunja kitu. Haikuja. Alimwona mzee mwenye miwani minene, na mbwa, na spana juu ya stuli.

"Ningemlazimisha," Tarsis alisema.

"Hilario halazimishwi," alisema Oktavia. Akasikia kwamba amesema kana kwamba yu hai, na akaliacha neno lilivyo. "Nipe koleo. Na kama una tindo nyembamba."

Alimwita Dainess kwa mkono. Dainess akavuka barabara, akaja akashika kazi ya kuangalia pumzi. Oktavia akakata jino vipande vitatu, kila mzizi na kipande chake, akavilegeza kimoja kimoja. Tarsis alimwangazia taa na kumfutia damu bila kuambiwa lini. Mzizi wa mwisho ulitoka na usaha mwingi wenye harufu ya kutapisha, na Dainess akageuza uso haraka, akaziba mdomo. Katika miaka yote waliyofanya kazi pamoja, Dainess alishakula mkate huku akipasua jipu la ng'ombe.

Walimrudisha Bosi kwa Idda akiwa bado na usingizi, ulimi nje. Walimwachia dawa na maagizo ya uji laini. Kisha wakashika barabara ya Njombe. Walikuwa wamefika kwenye misonobari Oktavia alipozungumza.

"Una mimba."

Dainess hakugeuza kichwa. "Ndiyo."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu kabla ya Pasaka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuja kukuambia," Dainess alisema. "Mara nyingi tu. Nafika mlangoni, nakuona umekaa, nasema hapana, leo bado. Nikawa nasubiri urudi kidogo, Dokta. Mtu huwezi kumletea habari kama hiyo kama hayupo."

Oktavia akawasha indiketa na kuegesha gari pembeni, kwenye majani yenye umande. Hakuzima injini. Mbele yao miti ilipangika mistari, na katikati ya mistari mlikuwa na giza.

"Mjinga," alisema.

"Samahani, Dokta."

"Siyo wewe."

Kilikuwa kitu chembamba, hata hakikustahili kuitwa hasira, lakini kilikuwa na joto na kilikuwa chake. Mjinga, aliwaza, mjinga kabisa wewe Hilario, ng'ombe gani huyo, kwani angekufa ukikaa kitini dakika moja? Alisubiri machozi. Dainess naye alisubiri, mkono wake ukiwa umetulia juu ya kiti kati yao, haujamgusa. Baadaye kile kitu kikapoa chenyewe, na Oktavia akaondoa gari.

"Tunachukua ya ukutani," alisema walipokaribia mjini.

"Ya Tarsis?"

"Hiyo hiyo. Springi inakazwa. Vibao vikubwa vya kutosha mdomo wa mbwa tutaagiza kwa Anthony, asije akasema tumempotezea muda. Mtu anabonyeza akiwa nje ya mlango, na wewe unakuwa nje ya mlango. Siwezi kushika ile nyingine mkononi huku wewe umesimama hapo."

"Hata bila mimi ungeitaka ya ukutani."

"Ndiyo. Nilishamwambia Hilario."

"Na huoni vibaya? Kwamba ni ya kwake?"

"Sioni chochote," Oktavia alisema, na ilikuwa kweli.

Mafundi walikuja, wakabomoa ukuta wa mbao uliokuwa kati ya stoo na chumba cha upasuaji, wakajenga wa matofali ya kuchoma unaoweza kubeba uzito ule. Vumbi liliingia hadi kwenye majani ya chai. Nyuma ya stoo walikuta mabuti ya Hilario, yale marefu ya mpira, yamekauka matope. Fundi akauliza ayaweke wapi. Oktavia alimwambia ayaweke nje, na yakakaa nje, mvua ikayanyeshea, mpaka fundi mwenyewe alipoomba ayachukue, akapewa.

Katika siku hizo Idda alipiga simu. Bosi amepona, alisema. Uso umeshuka, anakula, analala mlangoni. Tatizo amemng'ata balozi wa nyumba kumi.

"Amemng'ata sana?" Oktavia aliuliza.

"Suruali tu, na nyama kidogo. Balozi anasema aliambiwa mbwa huyu ameng'olewa meno."

Oktavia akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kama kikohozi, na kilimshtua yeye mwenyewe. Dainess akachungulia kutoka chumba cha pili, mikono ina povu la sabuni. Lakini kicheko kilikuwa kimeshakwisha, na Oktavia alikuwa akimwambia Idda ampeleke balozi zahanati akachanjwe pepopunda na kichaa cha mbwa, na amfunge mbwa mchana.

Mkaguzi wa mionzi alikuja ukuta ulipokauka. Alikuwa msichana mpole mwenye kipima-mionzi mkononi. Alipima chumbani, mlangoni, kwenye ukumbi, hata nje upande wa barabara. Alitingisha mkono wa mashine na kuuacha hewani, haukuzama. Akaridhika.

"Msimamizi wa mashine ni nani?"

"Mimi," alisema Oktavia.

"Na msaidizi?"

"Yupo, lakini kwa sasa haingii chumba hiki. Mpaka ajifungue."

"Kwa hiyo ni wewe peke yako."

Oktavia alitazama mashine, nyeupe juu ya matofali ambayo bado hayajapakwa chokaa. Nje, kwenye benchi, sista mmoja wa misheni alikuwa akisubiri na paka ndani ya kikapu, na paka alikuwa akilia.

"Ndiyo," alisema. "Peke yangu."

Mkaguzi akamwonyesha pa kusimama wakati wa kubonyeza. Oktavia akasimama hapo.